Miezi mitano ya utengamao baada ya kuumia kichwa: uzoefu wangu

Kitengo cha utengamao, yaani cha kumrudishia mtu uwezo wake baada ya jeraha, nilichotibiwa nakipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya karatasi moja tu, nitaifikia.

Nilianguka na pikipiki. Helmeti nilikuwa nimeivaa bila kufunga mkanda, kwa hiyo iliniacha hewani kabla sijafika chini. Kwenye kipimo cha Glasgow, ambacho hupima mtu anavyofumbua macho, anavyosema na anavyojongea, alama ya chini kabisa ni 3 na ya juu 15. Nilifikishwa nikiwa na 9. Baada ya muda nikashuka hadi 7, na ukishafika 8 au chini ya hapo jeraha linahesabiwa kali. Picha za CT zikaonyesha damu imejikusanya chini ya fuvu upande wa kushoto na inakandamiza ubongo. Wakafungua, wakaitoa. Kuhusu upasuaji sina neno. Niko hapa naandika.

Kilichonishangaza ni siku kumi na moja zilizofuata. Sina hata moja. Mwanzoni nilidhani nilikuwa nimelala muda wote, kumbe nilikuwa macho, naongea, naita watu kwa majina yasiyo yao, na navuta mpira wa dripu kila manesi wakigeuka. Ubongo ulikuwa haushiki kitu. Kila asubuhi waliniuliza uko wapi, leo siku gani, huyu ni nani, na walisubiri nijibu sawasawa siku tatu mfululizo ndipo wakasema kipindi hicho kimekwisha. Daktari alinieleza baadaye kwamba urefu wa kipindi hicho husema mengi kuhusu safari ya kupona. Kama mgonjwa wenu yuko hapo sasa, msibishane naye. Mwambieni alipo, kwa sauti ya chini, hata kama ni mara ya ishirini.

Mazoezi ya viungo yalikuwa mazuri na ya kuchosha, basi. Mguu wa kulia ulirudi ndani ya wiki sita. Kwa mtaalamu wa usemi ndiko nilikokuwa nikitoka na jasho. Nilitaka kusema "ufunguo", neno likagoma, nikasema "kile cha kuuma mlango". Hakucheka. Alinifundisha kutolikimbiza neno: nieleze kazi ya kitu, nionyeshe kwa mkono, nalo mara nyingi hujileta lenyewe.

Lakini aliyenisaidia kuliko wote ni dada wa tiba kwa vitendo, anayemfundisha mgonjwa upya kazi za kila siku. Wiki ya nne nilikuwa najiona mzima, nadai kurudi kazini. Akanipeleka jikoni mwa kitengo.

"Kaka, nitengenezee chai. Vikombe viwili."

Nikaona ananidharau. Nikawasha jiko, nikabandika birika, nikapanga vikombe, nikatia sukari, nikasimama kusubiri huku nikimsimulia mambo ya kazini. Akaniacha niongee. Mwisho akauliza, "Husikii harufu?"

Harufu gani? Nikageuka. Birika lilikuwa linatoa moshi. Sikuwa nimetia maji.

Akazima jiko, akaniletea kopo la kahawa, akaniambia nifumbe macho ninuse. Hewa tupu. Akaleta sabuni, kisha ganda la chungwa. Hewa tupu. Vinyuzi vya neva za harufu hupita kwenye vitundu vyembamba vya mfupa juu ya pua, na kichwa kikitikiswa kwa nguvu hukatika. Nilikuwa nimepita mikononi mwa madaktari watatu na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nanusa.

Tangu siku hiyo sikumbishia tena. Alinipa kidaftari chenye sehemu tatu: ya kufanya leo, niliyokwisha kufanya, niliyoambiwa. Mambo ya zamani nilikuwa nayo yote. Mapya ndiyo yaliyokuwa yanavuja. Kingine alichonifundisha ni kupumzika kwa saa, si kwa hisia. Uchovu huu si usingizi. Ni kama taa zinazimwa chumba kimoja baada ya kingine, na ukisubiri mpaka uuone, umeshachelewa. Mara moja nilijifanya mjanja, nikahudhuria sherehe saa nne mfululizo. Nililipa kwa siku mbili kitandani.

Sasa ile karatasi. Waliponiruhusu, walimpa mke wangu maelezo ya dawa, ya kidonda, na tarehe ya kurudi kliniki. Kuhusu hasira, hakuna hata mstari. Wiki ya kwanza nyumbani nilimfokea mwanangu kwa kuangusha kijiko, mpaka akajificha nyuma ya mlango. Mke wangu alikaa miezi miwili akidhani nimemchukia. Na hili si jambo geni: Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli wa Marekani, alipenywa na chuma kwenye fuvu mwaka 1848, akapona, na rafiki zake wakasema si Gage waliyemjua. Tangu 1848! Halafu mtu anaruhusiwa nyumbani na maelezo ya kidonda tu.

Nilipolalamika, walimwita mke wangu peke yake kwa mazungumzo ya saa moja. Alitoka analia, ila mabega yalikuwa yameshuka. Saa hiyo moja ingetolewa siku ya kuruhusiwa, ningewapa nyota zote. Ombeni mkutano huo kabla hamjasaini kuondoka, na mgonjwa asiwepo chumbani.

Sasa ni mwaka na nusu. Kazini nimerudi nusu siku. Kidaftari ni cha saba. Harufu haijarudi, kwa hiyo tumefunga king'ora cha moshi jikoni, na maziwa yakiwa yamekaa, mwanangu huyanusa kwanza, halafu ananisogezea kikombe.