Michelin Pilot Sport 4, saizi 235/45R17, kwenye rimu za kiwandani za STI

Kwenye fremu ya mlango wa dereva wa Subaru Impreza WRX STI yangu ya 2006 kuna kibandiko cha Kijapani kilichopaushwa na jua la Dar, ila namba za saizi ya tairi bado zinasomeka: 235/45R17, yaani upana wa milimita 235, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Saizi hiyo imenisumbua kuliko kitu kingine chochote kwenye gari hili, na mwenye injini kama yake, EJ20, yenye usumbufu wake, anajua hilo si neno dogo.

Ukiingia duka la tairi hapa mjini utakuta 225/45R17 zimepangwa hadi darini, kwa sababu ndiyo saizi ya C-Class, BMW 3 Series na Golf nyingi zilizojaa barabarani. Ukiuliza 235/45 unaangaliwa usoni. "Mkuu, chukua hii 225, ni ile ile tu, inakaa bila wasiwasi." Duka la pili wanakuvuta upande mwingine: "Hii 245/40 ndiyo ya wenye spoti, bosi." Wote wana tairi za kuuza, na kusema kweli tairi zao zote zinaingia kwenye rimu yangu. Ila kuingia ni jambo moja, na gari kutembea kama lilivyotengenezwa ni jambo jingine.

Rimu zilizokuja na gari ni inchi 17 kwa upana wa inchi 8, ofseti (umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya rimu) milimita 53, nati tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3, ndiyo inayoitwa PCD. STI za nyuma kidogo, zile za mpaka 2004, rimu zake zina upana wa 7.5 na PCD ya 100, na tairi yake ya kiwandani ni hiyo 225/45R17. Wenye hizo msihangaike na haya yangu, nyie saizi yenu imejaa madukani.

Kila saizi ya tairi ina upana wa rimu inaoukubali. 225/45R17 inakubali rimu ya inchi 7 hadi 8.5. 235/45R17 inakubali 7.5 hadi 9, na hiyo rimu ya 8 ndiyo wanayoitumia kuipimia upana wake, maana yake kwenye gari langu ubavu wa tairi unakaa pale pale ulipokusudiwa kukaa. 245/40R17 inaanzia 8 hadi 9.5. Kwa hiyo kwenye rimu ya 8 iko ukingoni kabisa: ubavu unabinywa kuingia ndani, uso wa tairi unataka kutuna katikati, na ile milimita 10 ya ziada uliyoilipia haifiki yote kwenye lami. Umenunua upana wa kwenye risiti.

Halafu kuna kimo. Chukua kalamu: 235/45R17 ina kipenyo cha milimita 643. 225/45R17 ni 634. 245/40R17 ni 628. Pamoja na kuonekana pana na ya kibabe, 245/40 ndiyo fupi kuliko zote tatu, na inalishusha gari karibu milimita 8. Kwa mtu anayekaa mtaa wenye matuta yaliyojengwa na wananchi wenyewe kwa hasira, milimita 8 ni bampa la mbele. Spidi mita nayo itadanganya: ikisoma 100, mwendo halisi ni kama 97 na nusu. Anayeogopa tochi za trafiki anaweza kuiona hiyo ni faida. Kuna waliofunga 245/45 ili wapate upana na kimo kwa pamoja. Hiyo ni milimita 652, na kwa mbele inasogelea kikombe cha springi kwenye shokapu kiasi ambacho mimi moyo wangu haukubali.

Tairi zenyewe sasa. Nilichagua Pilot Sport 4, 235/45 ZR17 97Y, XL. Hiyo 97 ni uzito: kilo 730 kwa tairi moja, zaidi ya gari hili linavyohitaji. Y ni mwendo wa kilomita 300 kwa saa, ambao kati ya Ubungo na Kibaha hauna kazi. Nililolitaka ni XL, yaani ubavu ulioimarishwa, kwa sababu ya mashimo. Ukingo wa tairi una mbavu ya mpira inayochomoza kidogo kuikinga rimu, na nimeshaibariki mara nyingi ninapoegesha kando ya zege la barabara.

Bei ni kali. Tairi moja inakaribia tairi mbili za Kichina za saizi hiyo hiyo. Nilisubiri mzigo uje kwa oda, maana hakuna aliyekuwa nazo stoo. Jambo la kuangalia hapa: Pilot Sport 4 ilitoka 2016, na Pilot Sport 5 ikaifuata 2022. Kwa hiyo PS4 unayoletewa leo inaweza kuwa imelala ghalani muda mrefu. Soma zile tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa ubavuni unaoanza na herufi DOT: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Muuzaji akikuambia namba hizo ni za kiwanda tu, hazina maana, muage kwa heshima.

Kufunga kulikuwa na vituko. Jina la gereji silitaji. Tairi hizi kashata zake, yaani michoro ya uso wa tairi, si sawa pande zote, upande wa nje umejaa, wa ndani una mifereji mingi ya kutolea maji, na ubavuni imeandikwa OUTSIDE kwa herufi kubwa. Kijana wa mashine akaingiza ya kwanza sawasawa, ya pili akaipiga kinyume, OUTSIDE ikaangalia ndani, na akaanza kujaza upepo huku anapiga stori za Simba na Yanga. Nikamwambia, "Dogo, hebu soma hapo." Akasoma, akacheka, akaitoa. Ningekuwa nimeenda kunywa soda ningeondoka nayo hivyo hivyo. Baada ya hapo akataka kukaza nati kwa ile bunduki ya upepo hadi ipige kelele. Nikamwomba aziguse tu, nikamaliza mwenyewe kwa wili spana. Nati za Subaru ni M12 yenye uzi wa 1.25; ukiziua hapo usikimbilie za Toyota, hizo ni 1.5.

Faida moja ya tairi ya namna hii ni kwamba haina mshale wa mwelekeo. Unaweza kuihamisha kutoka kushoto kwenda kulia, mbele kwenda nyuma, popote. Na hapo ndipo naingia kwenye jambo ambalo wenye Subaru wengi mjini hawataki kulisikia.

Gari hili linasukuma kwa miguu yote minne muda wote. Katikati kuna difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Tairi za mbele zikiwa fupi kuliko za nyuma, zinazunguka haraka zaidi, na difu ya katikati haipumziki hata ukiwa unatembea barabara iliyonyooka ya Chalinze. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko kati ya tairi na tairi isizidi robo inchi. Pigia hesabu: robo inchi ya mzunguko ni sawa na milimita moja tu ya kina cha kashata. Milimita moja! Sasa mtu ananunua mbili mpya anafunga mbele, nyuma anaacha vipara, kisha anakuja kuuliza kwa nini gari linalia na kushikashika kwenye kona za kuegesha. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe kwenye kila tairi katikati, andika namba nne. Kama huna hela ya tairi nne, bora usubiri.

Ndiyo maana pia hoja ya "225 mbele, 235 nyuma, si inapendeza" kwangu haipo kabisa.

Barabarani. Mvua za masika Bagamoyo Road, pale maji yanaposimama upande wa kushoto baada ya Mwenge, tairi za zamani zilikuwa zinaelea: usukani unakuwa mwepesi ghafla, unashikilia pumzi hadi upite. Hizi zinakata maji. Unasikia mshindo chini ya sakafu, usukani unabaki mzito mkononi. Hapo upana nao una maneno yake, kwa sababu tairi pana inaelea kirahisi zaidi kwa mwendo ule ule, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiacha 245 dukani.

Lakini raha yenyewe niliipata Usambara. Kutoka Mombo kupanda Soni hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushei za kona tupu, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande mwingine, lami nyembamba, na Coaster zinazoshuka kama dereva ana miadi na malaika. Nilipanda asubuhi kukiwa na ukungu na lami imelowa. Kwenye kona zinazojikunja kabla ya Soni, gari linaingia, unahisi ubavu wa tairi unalala kidogo, halafu unashika. Huko "kulala kidogo" ndiko kasoro yake pekee kwa upande wa uendeshaji. Jamaa yangu mwenye Yokohama Advan Neova AD08R anaichukia tabia hiyo, na akiwa uwanjani anashindana na saa ana haki. Yake ina namba ya uchakavu (treadwear, ikiwa kubwa tairi inadumu zaidi) 180, ina ubavu mkavu, ukigeuza tu imeshageuka. PS4 ni 320. Maana yake mpira wake unadumu zaidi, na gari unaweza kumpa shemeji aende nalo msibani Korogwe bila mgongo kumuuma. Mimi sishindani na saa. Nashindana na Coaster.

Kwa upande wa kelele ni za wastani: kimya kwenye lami mpya, zinavuma kwenye ile ya kokoto kubwa. Mashimo unayasikia, usitegemee miujiza kwa ubavu wa sentimita 10 na nusu. Kuna anayetaka kupanda rimu za 18 hapa hapa mjini. Sawa, gari ni lake. Kushuka 16 kwa STI hakuwezekani kwa rimu ya kawaida, kalipa za Brembo za mbele, vile vibanio vikubwa vya breki, zinagonga.

Upepo naweka PSI 33 mbele, 32 nyuma, asubuhi kabla gari halijatembea. Kibandiko kinaandika kwa kPa. Ukiona 230 hiyo ni kama 33. Wale wanaojaza 40 "ili gari liwe jepesi" wanazila tairi katikati na kuzibakiza pembeni, kisha wanamlaumu aliyewauzia.

Neno kwa wanaosubiri gari lao bandarini: kabla hujalipeleka popote, inama usome ubavuni. Magari mengi kutoka Japani yanashuka na tairi zilizoandikwa STUDLESS. Hizo ni za theluji. Kashata zake zimejaa vijimistari vya kukatwa kwa wembe, na mpira wake ni laini kama kandambili. Kwenye lami ya Dar saa nane mchana zinakwisha haraka, na ukifunga breki kwa nguvu gari linayumba kama limeegemea kitu chepesi. Nimeona mtu kaziacha mwaka mzima akizisifia kwamba "zina kashata nyingi bado".

Kama 235/45R17 imegoma kabisa kupatikana, ningechukua 225/45R17 ya tairi hii hii, 94Y XL, zote nne, na kukubali kwamba gari litashuka milimita 4 na nusu na litaonekana limepungua mwili kidogo. 245/40 nisingechukua hata kwa punguzo.

Muuzaji alidhani nimekosea nilipooda tano. Ile spea nyembamba ya kiwandani ni ya kukufikisha gereji ya jirani, na kwa gari la miguu minne sitaki kuiburuza kutoka Mikumi hadi Morogoro difu ikisaga. Nilipata rimu moja ya kiwandani Ilala, imekwaruzika lakini haijapinda, nikaifunga tairi ya tano, na inaingia kwenye mzunguko kila ninapozihamisha ili zote zipungue kwa pamoja. Buti limejaa. Mabegi ya safari yanakaa kiti cha nyuma na watoto, na mama watoto ameshalisemea hilo.