LibreOffice: nimehamia na sirudi nyuma, ila anza na fonti

Mimi nilikuwa natumia programu ya ofisi ya kulipia, sasa siku leseni imeisha nikaambiwa faili naweza kulifungua na kulisoma tu, kuandika hakuna, na ripoti natakiwa kuikabidhi asubuhi. Iliniuma sana, yaani kazi nimeiandika kwa mikono yangu halafu nafungiwa mlango. Usiku uleule nikadaunlodi LibreOffice, nayo ni programu ya ofisi ya kuandikia dokumenti na kupigia hesabu, huu mwaka wa pili sasa na bado niko nayo. Ni bure kabisa, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux, na hakuna cha leseni kuisha.

Kinachokatisha watu tamaa ni hizi docx, yaani faili za Microsoft Word. Umetumiwa dokumenti ya kurasa 12, ukiifungua unakuta 13, tebo imehamia ukurasa mwingine, kichwa cha habari kimebaki peke yake chini kule, mtu anasema programu mbovu hii anaifuta. Jamani mara nyingi shida ni fonti, yaani muundo wa herufi! Mwenzako kaandika kwa Calibri, kwako haipo, programu inaweka nyingine yenye herufi pana au nyembamba zaidi, basi mistari inakatika sehemu tofauti na kila kitu kinasogea. Hakikisha una fonti za Carlito na Caladea, zimetengenezwa makusudi upana wa herufi ulingane na Calibri na Cambria. Kwa Times New Roman kuna Liberation Serif, Arial ina Liberation Sans. Ukishakuwa nazo mambo mengi yanatulia, sisemi yote, makro za Excel, yaani zile amri za kufanya kazi zenyewe ndani ya faili, bado zinaweza kugoma na hapo fonti haisaidii kitu.

Na kama mtu anataka kusoma tu, usimtumie docx, mtumie PDF. Kuna kitu wengi hawakijui, ukienda kwenye File, Export As, Export as PDF, kuna kiboksi kimeandikwa Hybrid PDF, ukikitiki faili la kuhariri linaingia ndani ya hiyohiyo PDF, yeye anaisoma kama kawaida, wewe ukiifungua kwenye LibreOffice unaendelea kuandika. Hii peke yake naipa nyota tano!

Mwonekano wa menyu ni wa kizamani kweli, ila nenda View, User Interface, chagua Tabbed, utaona afadhali. Calc, ile sehemu yake ya majedwali kama Excel, iko sawa kwa hesabu za kila siku.

Setingi ambayo nakuomba uibadilishe leoleo ni AutoRecovery, ile inayojitunzia kazi yako yenyewe kila baada ya dakika kadhaa. Iko Tools, Options, Load/Save, General, yenyewe inakuja na dakika 10, umeme ukikatika dakika ya tisa kazi yote ya hapo katikati imekwenda. Mimi nimeweka 3, na hapohapo nimetiki ile ya kutunza bekapu kila ninaposevu. Lakini usiitegemee AutoRecovery ukaacha kubonyeza Ctrl+S, maana yenyewe ni ya kukuokoa komputa ikizima ghafla, ukifunga faili mwenyewe ukajibu usisevu, haikurudishii kitu.

Kitu ninachokikosa ni kuandika watu watatu wanne kwenye dokumenti moja kwa wakati mmoja. Kazi za namna hiyo bado nafanyia kwenye brauza, tukimaliza nalishusha faili nakuja kulipanga vizuri kwenye Writer, sehemu ya LibreOffice ya kuandikia.