Ultrafeeder kwenye Raspberry Pi ya zamani: kontena ni zima, tatizo liko chini yake

Ultrafeeder ni kontena la Docker (kifurushi chenye programu pamoja na kila kinachohitajika kuziendesha) linalotunzwa na jumuiya ya wapenzi wa redio ijulikanayo kama sdr-enthusiasts, na ndani yake zimekusanywa programu ambazo zamani mtu alilazimika kuzisakinisha moja baada ya nyingine: readsb, inayosoma taarifa za ADS-B, yaani matangazo ambayo ndege huyarusha kuhusu nafasi na safari yake kwenye megahezi 1090, tar1090, inayoonyesha ndege hizo kwenye ramani, graphs1090, inayochora grafu za mapokezi na hali ya mashine, pamoja na programu ya MLAT, inayoshirikiana na vituo vingine kukadiria mahali ilipo ndege isiyotangaza nafasi yake. Tathmini hii inaihusu ikiwa imewekwa Dar es Salaam kwenye Raspberry Pi 3 Model B, kompyuta ndogo ya bodi moja iliyoingia sokoni mwaka 2016 ikiwa na RAM ya GB 1, huku ishara zikipokelewa na risiva ya USB ya RTL-SDR yenye chipu ya RTL2832U, ambayo asili yake ni kutazamia televisheni ya dijitali kwenye kompyuta.

Niseme mapema kwamba ninaipa nyota nne kati ya tano, na kwamba nyota iliyokosekana haitokani na jinsi inavyofanya kazi bali na jinsi inavyomwacha gizani mwenye bodi kuukuu pale inapogoma.

Ikiwa imetulia, ni programu ya kufurahisha kweli. Usanidi wote unakaa kwenye faili moja la Compose, yaani maelekezo ambayo Docker huyasoma ili kuliwasha kontena, ambamo unaandika latitudo, longitudo na kimo cha antena, aina ya risiva, na orodha ya huduma unazotaka kuzipelekea data. Ukishaliwasha kontena, unafungua kivinjari kwenye mlango wa 8080 na ndege zinaanza kujitokeza. Kwa kuwa mawimbi ya masafa haya husafiri karibu katika mstari ulionyooka, ndege iliyo kwenye kimo cha mita 10,000 inaweza kusikika hadi kilomita 400 hivi ikiwa antena haijazibwa na majengo, na hivyo mtu aliye Dar es Salaam anaweza kuifuata ndege tangu ikiwa karibu na anga ya Mombasa hadi inaposhuka kuelekea Uwanja wa Julius Nyerere. Bodi yenyewe haichoshwi na ramani, kwa sababu kazi ya kuchora hufanywa na simu au kompyuta ya anayetazama, nayo bodi hutoa data tu. Ndiyo maana hata mashine ya umri huu inaimudu.

Ugumu unaanza pale mambo yanapokwenda kombo. Kontena limeundwa ili lijiwashe upya likianguka, na tabia hiyo, ambayo ni neema kwenye seva nzuri, kwenye bodi ya zamani huficha ugonjwa: ramani inapotea, inarudi, inapotea tena, na ukisoma logi kwa amri ya `docker logs` unaonyeshwa kwamba risiva imetoweka au kwamba programu fulani imekufa, bila kudokezwa kwamba chanzo kiko nje ya kontena kabisa. Mtu hushawishika kubadilisha mistari ya faili la Compose usiku kucha, ilhali faili halina kosa.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni umeme. Raspberry Pi 3 inahitaji adapta ya volti 5.1 yenye uwezo wa ampea 2.5, na risiva peke yake hula takriban miliampea 300. Chaja ya simu niliyouziwa dukani Kariakoo ilikuwa na maandishi ya ampea 3, lakini waya wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba volti zilishuka kila mara prosesa ilipopata kazi nyingi. Amri ya `vcgencmd get_throttled`, ambayo hutolewa kwenye bodi yenyewe na si ndani ya kontena, ilijibu 0x50005, maana yake umeme uko chini sasa hivi, bodi imejipunguzia kasi sasa hivi, na mambo yote mawili yamekwisha kutokea tangu iwashwe. Jibu linalotakiwa ni 0x0. Ukipata 0x50000, tatizo limepita kwa wakati huo lakini lilikuwepo, na hilo huwapotosha wengi kwa sababu wanapima bodi ikiwa imetulia na kuridhika. Bodi huanza kulalamika volti zinaposhuka chini ya 4.63, na ukitazama `dmesg`, yaani logi ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi), utakuta maneno ya under-voltage yakifuatana na ya risiva kukatika na kuunganishwa upya, dakika ileile. Nilipoweka adapta iliyotengenezwa mahususi kwa bodi hii, ile hali ya kujizima na kujiwasha ilikoma bila kugusa hata herufi moja ya usanidi.

Mahali pa pili ni mfumo endeshi, na hapa ndipo penye kitendawili kinachosumbua zaidi. Bodi nyingi za umri huu bado zinatumia Buster, toleo la zamani la mfumo endeshi wa Raspberry Pi OS, la biti 32, ambalo maktaba yake ya libseccomp2 ni ya zamani. Dalili zake ni za ajabu: kontena linawaka, lakini saa yake inasoma mwaka 1970, programu zinasimama zikidai Operation not permitted, na hakuna linalofanana na kosa la redio. Mifumo ya biti 32 ilikuwa ikihesabu sekunde tangu mwaka 1970 kwa namba ambayo itajaa tarehe 19 Januari 2038, kwa hiyo programu mpya zimeanza kuiuliza kerneli saa kwa wito mpya wenye nafasi kubwa zaidi. Maktaba ya zamani haiutambui wito huo, na kichujio cha usalama cha Docker kinachoitegemea hujibu kwamba jambo hilo limekatazwa, badala ya kujibu kwamba halipo. Lingejibiwa kwamba halipo, programu ingerudi kwenye wito wa zamani na maisha yangeendelea. Kwa kuwa inaambiwa imekatazwa, inakata tamaa. Tiba ya muda ilikuwa kuchukua libseccomp2 mpya kutoka hazina ya backports (programu mpya zilizoandaliwa kwa ajili ya matoleo ya zamani), lakini msaada wa muda mrefu wa Buster ulikoma Juni 2024, na ushauri wangu kwa mwenye Raspberry Pi 3 ni kuachana na viraka na kuweka Raspberry Pi OS Lite ya biti 64 kwenye kadi mpya. Prosesa ya bodi hii inaweza biti 64 tangu ilipozaliwa, na balaa lote la saa linaondoka.

Kosa la `usb_claim_interface error -6` ni jepesi kulinganisha na hayo. Linamaanisha kwamba kuna mwingine ameishika risiva: mara nyingi ni kiendeshi cha televisheni cha dvb_usb_rtl28xxu, ambacho hufungiwa kwa mstari mmoja wa blacklist ndani ya /etc/modprobe.d, au ni programu ya zamani ya kufuatilia ndege uliyoisakinisha moja kwa moja kwenye bodi na kuisahau. Risiva moja haiwezi kuwatumikia mabwana wawili.

RAM ya GB 1 inatosha, ila haina ziada. Faili la mfano linatenga sehemu ya RAM kwa saraka ya /run ili kuepusha kadi ya SD isichakazwe na maandishi ya kila sekunde, na hilo ni jambo la busara ambalo halifai kuondolewa kwa tamaa ya kuokoa kumbukumbu. Bora kuzima historia ndefu ya safari za ndege, ambayo huandikwa kwenye kadi, na kuwekea kikomo ukubwa wa logi za Docker. Penye umeme wa kukatikakatika, kadi inayoandikwa mfululizo ndiyo ya kwanza kufa.

Kwa wenye bodi kongwe zaidi habari si njema. Raspberry Pi ya kwanza ya mwaka 2012 na Raspberry Pi Zero ya kwanza zina prosesa za muundo wa zamani wa ARMv6, nazo imeji za Ultrafeeder (nakala za kontena zilizo tayari kupakuliwa) hutolewa kwa ARMv7, arm64 na amd64 tu. Docker itakuambia kwamba hakuna kinachooana na mashine yako, na haifai kubishana nayo. Weka readsb bila kontena. Raspberry Pi 2 ya awali itakubali, lakini Docker 28 ndilo toleo kuu la mwisho kutolewa vifurushi kwa Raspberry Pi OS ya biti 32, kwa hiyo anayeanza leo na bodi hiyo anaanza na kitu ambacho hakina safari ndefu mbele yake.

Maelekezo ya programu ni mengi na yameandikwa kwa uangalifu, japo yote yako kwa Kiingereza na yanamchukulia msomaji kuwa anaijua Docker tayari. Ningependa kuona ukurasa mmoja tu unaosema: kabla ya kugusa kontena, pima umeme, tazama toleo la mfumo endeshi, kisha soma `dmesg`.

Limebaki suala la MLAT, ambayo watu huilaumu bure. Inahitaji vituo kadhaa vinavyoisikia ndege ileile kwa wakati mmoja, kwa hiyo palipo na majirani wachache hata usanidi sahihi hautaleta kitu. Palipo na majirani wa kutosha na bado seva ikadai kwamba saa ya kituo chako haitulii, usihangaike na saa ya bodi, kwani kinachopimwa ni hesabu ya sampuli zinazotoka kwenye risiva. Sampuli zikipotea njiani kwa sababu ya umeme dhaifu au USB iliyolemewa, hesabu inaruka. Tena kwenye bodi hii USB na waya wa mtandao vinachangia njia moja, basi diski ya nje inayosoma na kuandika mfululizo ni vyema ikahamishiwa kwenye mashine nyingine. Na viwianishi viwe vya antena yenyewe, pamoja na kimo chake, si vya katikati ya mtaa.