Themista ya NTC 10K: ndogo kama kichwa cha kiberiti ila kazi inafanya

Hizi themista nyeusi ndogo zenye miguu miwili myembamba nimezitumia muda sasa kwenye saketi zangu za kuhisi joto, na naona watu wengi wananunua halafu wanazilaumu bure, kwa hiyo wacha niseme nilichokiona mimi.

Yenyewe ni rizista tu, haina chanya wala hasi, geuza unavyotaka. Tofauti ni kwamba joto likipanda ukinzani wake unashuka, tena unashuka kwa kasi. Kwenye nyuzi 25 ni omu 10,000 ndio maana inaitwa 10K, ukiipeleka kwenye nyuzi 0 inapanda mpaka kama 33,000, nyuzi 50 inabaki kama 3,600, na kwenye nyuzi 100 haifiki hata 1,000. Hapo ndio napoipendea, maana badiliko ni kubwa kiasi kwamba hata multimita ya kawaida kabisa inaliona. Imetengenezwa kwa oksaidi za metali kama manganizi na nikeli, na humo ndani elektroni nyingi zimeshikiliwa hazitembei, zikipata joto zinaachiwa, umeme unapata njia. Waya wa shaba unafanya kinyume. Faraday aliliona jambo hili tangu mwaka 1833 alipokuwa anapasha moto salfaidi ya fedha, kwa hiyo sio teknolojia ya jana. Na usiichanganye na PTC, ile joto likipanda ukinzani nao unapanda.

Ukiipata, kabla hujalehemu chochote weka multimita kwenye omu, ishike kichwa kwa vidole viwili usubiri kidogo. Itoke karibu na 10,000 iteremke kuelekea 7,000 hivi kama chumba kina ubaridi wa kawaida. Isiposogea hiyo mbovu. Mimi kwenye pakiti yangu zote zilisogea vizuri.

Saketi yenyewe rahisi sana jamani. Themista upande wa chanya, rizista ya kawaida ya omu 10,000 upande wa hasi, pale zinapokutana ndio unachukua volti. Ukitumia volti 5 za chaja ya simu, kwenye nyuzi 25 unapata 2.5 katikati, joto likifika nyuzi 50 unapata kama 3.7. Volti hizo ndio unazipeleka unapotaka. Ukitaka ya haraka zaidi ondoa ile rizista weka ya kuzungusha, katikati peleka kwenye besi (mguu unaoiamuru ifunguke) ya transista kama BC547 kupitia rizista ya omu 1,000, joto likipanda besi ikifika kama volti 0.6 au 0.7 transista inafunguka na taa ya LED au baza inawaka. Unazungusha mpaka iwake kwenye joto unalotaka wewe. Nilivyoiwasha mara ya kwanza nikaipulizia pumzi ya moto taa ikaanza kuwaka taratibu, nilifurahi sana.

Ila hiyo taratibu ndio shida yake ukitaka kuendesha feni kwa rilei, ile swichi inayowashwa kwa umeme. Joto likiwa palepale mpakani rilei inalia ta-ta-ta haijui iwake au izime. Hapo hamia kwenye LM393, chipu ya kulinganisha volti mbili, na urudishe rizista kubwa kama omu 470,000 kutoka kwenye towe lake kwenda kwenye ingizo la chanya, ili joto la kuzimia liwe chini kidogo ya la kuwashia. Na kumbuka towe la LM393 linavuta chini tu, lazima uweke rizista nyingine ya kulipandisha juu, nilihangaika jioni nzima kwa sababu ya hiyo moja.

Sasa malalamiko yangu. Pakiti niliyouziwa haikuandikwa namba ya beta. Watu wanaangalia 10K tu wanaona inatosha, haitoshi! Beta ndio inasema mteremko uko mkali kiasi gani, zipo za 3950 na zipo za 3435, na zote kwenye nyuzi 25 zinasoma omu 10,000 sawasawa kwa hiyo kwa macho hutajua. Mimi kwenye programu yangu ya kugeuza ukinzani kuwa nyuzi niliandika 3950 kumbe nilizokuwa nazo ni 3435, kwenye maji ya nyuzi 50 ikawa inaniambia 46 na kitu, nikadhani kipimajoto ndio kibovu. Kwa taa ya kuwaka na kuzima haina neno kwa sababu unaiseti kwa kuzungusha, lakini kwa kusoma namba hizo nyuzi tatu na nusu ni nyingi mno. Muulize muuzaji beta, asipojua pima mwenyewe kwenye maji yenye barafu inayoyeyuka, 3950 itasoma karibu na 33,000 na 3435 itasoma chini ya 30,000. Kabla hujaichovya funika miguu yote, maji yakiunganisha miguu ukinzani unashuka na utasoma joto ambalo halipo.

Usiipe umeme mwingi pia. Ukiiunga peke yake kwenye betri ya volti 9 inapata kama miliwati 8, na kwa kitu kidogo hivyo inajipasha yenyewe nyuzi kadhaa.

Kuna na zile bodi zilizokwisha tengenezwa zenye LM393 na themista imelehemiwa pembeni, sizipendi sana kwa sababu themista inakaa karibu na vitu vingine inahisi joto la bodi badala ya hewa. Ya kwangu niliing'oa nikaitoa nje kwa waya wa sentimita 20, baza ikaacha kulia ovyo siku hiyohiyo. Nyota 4, ya tano ningeiongeza kama wangeandika beta kwenye pakiti.