GitHub Gist: yafaa kugawana vipande vya msimbo, haifai kuvitunza

Ofisi yetu ya watengenezaji programu watatu, iliyo ghorofani juu ya duka la vitambaa hapa Ngamiani, Tanga, ilianza kutumia Gist, huduma ya GitHub, tovuti ambako watengenezaji programu huhifadhi na kugawana msimbo, kwa sababu ya kosa letu wenyewe. Tulikuwa na kipande kidogo cha msimbo kinachogeuza saa za kompyuta kuwa saa za Kiswahili: unatoa sita, unagawa kwa kumi na mbili, kisha unachukua baki. Saa 15:00 inakuwa saa tisa, saa 19:00 inakuwa saa moja, na kila mtu anaridhika. Hata hivyo, ukikipa 6:00 baki ni sifuri, na ndivyo abiria wa mteja wetu mmoja walivyopokea ujumbe kwamba basi litaondoka saa 0 asubuhi. Kosa hilo tulilisahihisha siku hiyohiyo kwa mstari mmoja, lakini tulilisahihisha katika mradi mmoja tu, ilhali kipande kilekile kilikuwa kimenakiliwa na kubandikwa katika miradi mingine miwili, ambako kiliendelea kutangaza saa sifuri kila alfajiri. Ndipo tukaona tunahitaji mahali pamoja pa kuweka vipande vya namna hiyo.

Gist, ambayo GitHub imekuwa nayo tangu mwaka 2008, inakuwezesha kuweka faili moja au kadhaa katika ukurasa wenye kiungo chake. Haitozwi chochote, anayesoma hahitaji akaunti, ila anayeandika, tangu mwaka 2018, ni lazima awe nayo. Jambo linaloitofautisha na tovuti nyingine za kubandika maandishi ni kwamba kila ukurasa ni hifadhi kamili ya Git, yaani mfumo unaotunza kumbukumbu ya kila badiliko la faili. Hilo kwetu limekuwa na faida kubwa kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa naweza kuishusha hifadhi hiyo kwenye kompyuta yangu, nikafanya kazi umeme na intaneti vikiwa vimekatika, kisha nikarudisha mabadiliko baadaye. Aidha, historia ya kila badiliko inabaki, mstari uliofutwa ukiwa mwekundu na ulioongezwa ukiwa wa kijani, hata mgeni ofisini anaona mara moja ni lini sifuri iligeuzwa kuwa 12 na kwa nini, ikiwa aliyebadilisha alikuwa na adabu ya kuacha maoni chini yake.

Udhaifu unaanza pale vipande vinapofika thelathini au arobaini, kwani huduma hii haina folda wala lebo. Ngamiani mitaa yake inahesabiwa kwa namba, na mgeni akiambiwa Barabara ya Nane anafika bila kuuliza mara mbili; kwenye Gist anwani ni mfuatano wa herufi na tarakimu 32 usiomwambia mtu lolote. Jina linaloonekana kwenye orodha ni la faili linalotangulia kwa alfabeti, kwa hiyo kipande chetu cha kusawazisha namba za simu, kinachopokea 0 na tarakimu tisa au +255 na tarakimu tisa na kurudisha daima tarakimu 12 zinazoanza na 255, kilikaa miezi kadhaa kikijulikana kwa jina la faili la majaribio. Tulilazimika kujiwekea kanuni ya kutanguliza kazi ya kipande katika jina la faili la kwanza na kuandika maelezo ya Kiswahili yenye maneno ambayo mtu angeyatafuta, kama vile simu, saa au risiti.

Lipo pia neno linalopotosha, nalo ni siri. Ukurasa unaoitwa wa siri hauorodheshwi wala hautokei katika utafutaji, lakini mwenye kiungo anaufungua bila kuulizwa chochote, kama nyumba ambayo ufunguo wake umefichwa chini ya jamvi la mlangoni. Mwenzetu aliwahi kuacha nywila ya hifadhidata ya majaribio ndani ya ukurasa wa namna hiyo, akaifuta kwenye faili na kudhani yamekwisha, ilhali historia ileile niliyoisifu hapo juu ilikuwa bado inaionyesha. Tuliufuta ukurasa mzima na kubadilisha nywila. Ieleweke vilevile kwamba ukurasa wa siri unaweza kuufanya wa wazi baadaye, lakini wa wazi haurudi kuwa wa siri.

Kwa timu, upungufu unaoniudhi zaidi ni kwamba mtu akijitengenezea nakala ya ukurasa wangu na kurekebisha kosa, hana njia ya kuniletea ombi la kuunganisha rekebisho lake na langu, jambo ambalo hifadhi za kawaida za GitHub zinalo. Basi, vipande vya ofisi tumevihamishia katika hifadhi moja ya faragha yenye folda kwa kila kazi, na Gist tumeibakizia kazi inayoifanya vizuri, yaani kumpa mtu wa nje kipande kimoja kwa kiungo kimoja. Kwa matumizi hayo naipa nyota nne kati ya tano, na kwa utunzaji mbili. Kipande cha saa kimebaki huko, wazi kwa yeyote anayekihitaji, pamoja na faili la pili lenye majaribio mawili tu: 6:00 na 18:00.