Presha ya umeme: pweza naam, wali mh, na jiko la mkaa sijaligawa

Nianze na hukumu, mwenye haraka aende zake. Presha ya umeme, sufuria la kupikia kwa mvuke uliofungiwa, ya lita sita niliyonunua kwa elfu 150 inafaa. Maharage, makande, kongoro na pweza, hapo haina mpinzani. Wali wa nazi ni hivyo hivyo tu. Bada, yaani ugali wa muhogo, usithubutu.

Mie nakaa Ngamiani, Tanga mjini, na jioni nauza supu ya pweza barazani. Pweza wa soko la samaki la Deep Sea akiwa mkubwa, kwenye mkaa alikuwa ananifunga jikoni tangu alasiri: unachochea, unaonja, bado anavutika. Kwenye presha namtia na kitunguu thomu, ndimu, pilipili manga na maji kidogo sana, maana mwenyewe anatoa maji yake. Nazungusha dakika 25, nakwenda kuswali. Mvuke ukishatoka, kisu kinapita bila kusukuma na ngozi haijachubuka. Maharage ya nazi nayo yana sharti lake: tui zito litiwe mwishoni, mfuniko ukiwa umefunguliwa. Ukilitia mwanzo linakatika na mchuzi unaharibika sura.

Wali unaiva, sikatai, ila kwetu wali hupaliwa makaa juu ya mfuniko, na presha haipaliwi. Mume wangu alikula kimya kimya, mwisho akauliza ukoko uko wapi.

Gharama sasa. Nilitazama mita ya LUKU kabla na baada: nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku ilikula kama uniti 0.4. Kwa sie tulio kwenye daraja la kawaida, uniti moja ni shilingi 292, ukijumlisha VAT na zile tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) inakaribia 356. Kwa hiyo sufuria zima la maharage ni kama shilingi 140. Mkaa wa shilingi 140 nani atakuuzia? Walio kwenye daraja la matumizi madogo, ile ya shilingi 100 kabla ya kodi, wao ndio wajihadhari. Ukipita uniti 75 kwa mwezi, zinazozidi unalipia 350 kila moja, na ukizoea kupita unahamishwa daraja. Presha, friji na pasi kwenye nyumba moja, 75 hazifiki mwisho wa mwezi.

Shoga yangu wa nyumba ya pili akaniuliza swali la maana: "Na umeme ukikatika, dada?"

Miaka kumi nyuma ningemwambia asinunue. Mie nimekulia Hale, mjomba wangu alikuwa fundi mitambo pale kwenye kituo cha umeme wa maji, kwa hiyo mazungumzo ya kina cha maji nilikuwa nayasikia mezani kabla ya chakula. Watu wa Tanga umeme wa maji si mgeni kwetu. TANESCO yenyewe, shirika letu la umeme, ilipoanzishwa 1931 kazi yake ilikuwa maporomoko ya Pangani, umeme uende kwenye mkonge. Hale ikaja 1964, megawati 21. Baadaye nchi ikajenga makubwa zaidi kusini: Kidatu 204, Mtera 80, Kihansi 180. Ilipofika mwaka 2000 karibu tunategemea maji matupu. Mvua zikagoma, 2006 tukakaa gizani, na mambo ya mkataba wa mitambo ya dharura na kampuni ya Richmond yaliyomwondoa Waziri Mkuu Lowassa Februari 2008 sina haja ya kuyarudia.

Gesi ndiyo iliyotuokoa. Ya Songo Songo ilianza kuzungusha mitambo ya Ubungo 2004, bomba la Mtwara likafika Dar es Salaam 2015, vikaja vituo vya gesi vya Kinyerezi, cha kwanza na cha pili. Oktoba 2015 mabwawa yalishuka mpaka vituo vya maji vikazimwa, na wakati huo gesi ilikuwa imeshabeba zaidi ya nusu ya umeme wa gridi. Kisha likaja bwawa la mto Rufiji. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere uliwashwa Februari 2024, na mwaka uliofuata yote tisa ikawa tayari, megawati 2,115. Kabla yake mitambo yote ya gridi kwa pamoja haikufika 2,000. Mtambo mmoja tu wa Rufiji ni megawati 235. Jumlisha Hale, New Pangani Falls na Nyumba ya Mungu, yaani mto Pangani mzima, unapata 97. Mjomba angekuwapo angecheka.

Kwa hiyo maji yamerudi mbele na gesi imekuwa msaidizi. Hapo ndipo siungani na wanaosema shida ya umeme tumeizika. Mtera, Kidatu, Kihansi na Nyerere yote yamo kwenye bonde moja la Rufiji. Bwawa jipya ni kubwa, linahifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, halikauki kwa msimu mmoja. Lakini nyanda za juu kusini zikikosa mvua miaka miwili mfululizo, vituo vyote vinne vinaumia pamoja. Gesi haisubiri vuli. Ningekuwa na sauti ningesema Kinyerezi zitunzwe, na ule mradi wa jua wa Kishapu, wenye megawati 50 za kuanzia, uongezwe haraka.

Halafu kuna umbali. Umeme wa Rufiji unafika Chalinze kwa njia ya kilovolti 400, huku Tanga unatufikia kwa kilovolti 132 kupitia Hale. Machi 2025 Rais Samia alisema mikoa ya kaskazini itanunuliwa umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa kuwa ule unaotoka mbali kusini mwingi unapotea njiani. Watu walipiga kelele, tuna bwawa halafu tunanunua! Mie nilielewa. Kuzalisha ni kazi moja, kusafirisha ni nyingine.

Nilimjibu shoga yangu anunue, ila achague ya kuzungusha, asichukue ya vitufe. Nyingi za vitufe umeme ukikatika zinasahau zilipofikia, ukirudi zinakaa tu zinakutazama mpaka uanze upya. Ya kuzungusha inaendelea, na joto lililofungiwa ndani linaivisha hata umeme ukiwa haupo. Volti zikishuka haiungui, inachelewa tu.

Kasoro yangu kubwa ni mpira wa mfuniko. Unashika harufu ya pweza, hata uuloweke kwenye siki, na ukilegea mvuke unavuja pembeni. Dukani niliponunua walinihakikishia mpira wa akiba upo, nilipourudia wakaniambia niagize Dar. Sasa nina miwili, mmoja wa pweza, mmoja wa vingine, na wa pweza nimeutia alama ya kalamu nyekundu ili binti yangu asije akapikia uji wa mtoto.