Splinti ya kifundo yenye skrubu: nzuri, ila ijue kazi yake

Hii splinti (kifaa cha kushikilia kifundo cha mguu) anavaa mzee wangu, mguu wake ulikakamaa baada ya kiharusi, na nimeipenda kwa sababu moja kubwa, inaenda pole pole. Unazungusha skrubu kidogo unasubiri, unaona shavu la mguu linaachia lenyewe, unazungusha tena.

Hiyo spidi ndo kila kitu jamani. Watu wanashika unyayo wanasukuma juu kwa nguvu, mguu ukigoma wanasema mgonjwa mbishi, wakati yeye hana hata habari. Ndani ya msuli kuna vihisio vidogo sana vinapima msuli unavutwa kwa kasi gani, vikishtuka vinapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na uti unajibu hapo hapo, kaza! Kawaida ubongo ndo unatuliza hiyo njia, sasa kiharusi kikishakata breki msuli unakaza kupita kiasi na ukivuta haraka ndo unakaza zaidi. Ndo maana kwenye kipimo cha Tardieu, cha kupima ukakamavu wa msuli, mtu wa fizio (tiba ya viungo) anavuta taratibu kwanza halafu kwa kasi, pale mguu unaponasa akienda kasi ndo rifleksi yenyewe, yaani msuli kujikaza wenyewe, ila ukigota hata taratibu basi msuli umeshafupika.

Kuvalisha: kunja goti kwanza, maana msuli mkubwa wa shavu unapita nyuma ya goti, ukikunja unalegea na kisigino kinakaa chini vizuri. Mguu ukianza kutetemeka simama, usilazimishe.

Nisichokipenda, sponji ya kisigino ni nyembamba inaacha alama nyekundu, kwa hiyo kagua ngozi kila ukivua hasa kama mgonjwa wako hasikii vizuri mguuni. Velkro nazo zinajaa nyuzi nyuzi. Halafu boksi limeandikwa eti inamaliza ukakamavu, hapo hapana kabisa. Mapitio ya Cochrane ya 2017 (hao hukusanya tafiti za tiba na kuzipima) yaliona kunyoosha misuli hakuongezi mwendo wa kiungo kwa kiasi cha maana, angalau kwa matumizi ya chini ya miezi 7. Mzee baklofeni yake, dawa ya kulegeza misuli, anaendelea nayo kama kawaida, mimi splinti naihesabia kwamba mguu unakaa mkao mzuri akipumzika na kiatu kinaingia bila vita, na kwa hilo tu imetusaidia sana.

Nyota nne. Kama mguu wa mgonjwa huwa unavimba jioni, mpimie saizi jioni.